Mungu Tumemwachia, Sisi Je?



Tumetakiwa tuseme machache juu ya kuitegemea haki ya Mungu wakati wa dhiki na dhuluma. Maneno matamu tunayo, lakini ninyi mnatujua. Basi tuseme yaliyotupata.

Katika mwaka wetu wa tatu, mwenzetu mmoja alifiwa na mume. Hata eda hakuachwa aimalize. Ndugu wa marehemu walikuja wakatia kufuli nyumba ambayo yeye na mumewe waliijenga kwa fedha ya samaki wa kukaanga, na watoto wakalala kwa jirani. Tulikwenda kumpa pole. Tukamwambia kama tulivyozoea, "Mwachie Mungu, mama." Akatutazama, akajibu: "Mungu nimemwachia. Ninyi je, mmeniachia nani?"

Jamani, siku ile tuliondoka vichwa chini. Tuliona kwamba jina la Mungu tumelifanya pazia la kuficha woga wetu.

Mkutano uliofuata tulifungua mfuko wa jamii, tukatoa nauli ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Mashahidi walijitokeza, hata wavuvi waliokuwa wakimuuzia samaki. Shauri lilichukua karibu miaka miwili. Mwisho aliteuliwa msimamizi wa mirathi, akarudi nyumbani na wanawe. Lakini shamba la minazi lilikwisha kuuzwa, na halikurudi. Hatutawadanganya kwamba yote yalirudi.

Na hapo ndipo imani inapopimwa, haki inapochelewa au ikija nusu. Bagamoyo yetu inalijua jambo hilo. Watumwa wangapi walipita hapa wakimlilia Mungu? Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni, wakawakomboa baadhi yao na kuwapa kijiji. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Wengi waliolia hawakuiona siku hiyo. Waliokuja nyuma yao waliiona.

Tumkumbuke na Bi Hawa Mohamed, aliyeachika, akadai fungu lake katika nyumba. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuongezewa kitu, kwani mahakama iliona alikwisha pata cha kumtosha. Lakini wanawake waliomfuata mahakamani wamepata kwa sababu yake.

Kwa hiyo subira si kukaa kimya. Mashehe wetu hutufundisha kwamba ngamia afungwe kwanza, ndipo umtegemee Mungu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Si kwamba Mungu hatumwamini, ila hatutaki kumjaribu. Vivyo hivyo aliyedhulumiwa asilipize kisasi, asiapize, asirushe maneno kisimani. Adai haki yake hadharani, mikono yake ikiwa safi, nasi tuwe nyuma yake. Pale ambapo mikono yetu haifiki, ndipo tunapomwachia Mola, naye hasahau.

Mwenzetu yule leo ndiye mshika ufunguo mmoja wa sanduku. Basi kina mama, siku mwingine akilia hapa Mbegani, msiishie kumwambia, "Mwachie Mungu." Mwulizeni: "Kesho twende saa ngapi?"