Injini Kubwa Hutaka Mzigo Mkubwa

(Maneno haya tuliyatoa sisi mafundi wa kitengo cha mitambo mbele ya mkutano wa wasimamizi wa vituo vya afya na shule. Tumeyaandika hapa kwa ombi la wajumbe.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, baba zetu na mama zetu, ndugu wajumbe,



Tumepewa nusu saa tuzungumze juu ya injini kubwa za dizeli. Sababu mnaijua. Kuna barua mezani. Wahisani wa ng'ambo wanataka kukipa kituo chetu kimoja cha afya jenereta ya kVA 800, na wanangoja jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi wenu mmekwisha kutuuliza, "Kitu cha bure, mnangoja nini?" Tunaomba kwanza tueleze injini hizi ni nini na zinafanya kazi gani duniani. Kisha tutairudia barua hiyo.

DIZELI INAFANYAJE KAZI

Kila mmoja wetu amewahi kupiga pampu ya baiskeli. Ukipiga kwa nguvu, pampu inapata moto mkononi. Hewa ikibanwa hupata joto, na hiyo ndiyo siri yote ya dizeli. Injini ya petroli hutumia plagi kutoa cheche. Dizeli haihitaji cheche. Pistoni hupanda na kuibana hewa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozeli hupuliza mafuta kama ukungu, na mafuta yanawaka yenyewe. Mlipuko huo unaisukuma pistoni chini, na kazi inafanyika.

Aliyeibuni ni mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilipimwa mbele ya wataalamu. Ilikuwa na silinda moja na nguvu farasi zipatazo 20 tu. Lakini iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, wakati injini nyingi za mvuke za siku zile hazikufikia hata nusu ya kiwango hicho. Tangu mwanzo, basi, sifa ya dizeli ilikuwa kubana matumizi. Neno hilo mlishike, maana ndilo tutakalolirudia mwishoni.

BAHARINI NA ZIWANI

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka 1912 Wadenmark waliunda meli iitwayo Selandia, moja ya meli za kwanza kuvuka bahari kuu kwa injini za dizeli. Ilikuwa na injini mbili za nguvu farasi 1,250 kila moja. Haikuhitaji wanaume wa kushindilia makaa ya mawe usiku na mchana.

Sisi wa huku tunao mfano wetu Ziwa Tanganyika. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Kwa miaka mingi ilikwenda kwa mvuke. Kati ya mwaka 1976 na 1979 ikavuliwa mitambo ya mvuke na kufungwa injini za dizeli. Wazee wa kandokando ya ziwa waliosafiri nayo nyakati zote mbili wanaijua tofauti hiyo kuliko sisi.

Sasa tazameni ilikofika. Mwaka 2006 meli ya makontena Emma Maersk ilianza safari ikiwa na injini ya Wärtsilä-Sulzer ya silinda 14. Injini hiyo moja ina uzito wa tani 2,300 hivi. Urefu wake ni kama meta 27, na kimo chake ni zaidi ya meta 13, yaani kama nyumba ya ghorofa nne. Upana wa silinda moja ni sentimeta 96, na pistoni husafiri meta mbili na nusu kwenda juu na kushuka. Nguvu yake inakaribia farasi 109,000, au megawati 80. Kituo chetu cha umeme cha Mtera, pamoja na bwawa lake lote, nacho ni cha megawati 80.

Mashine hii kubwa haina haraka. Inazunguka mara 102 tu kwa dakika, na imeungwa moja kwa moja na mhimili wa pangaboi la meli. Jenereta zetu za hospitali huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kuiwasha hakuna betri wala ufunguo wa kuzungusha. Hewa iliyobanwa hupulizwa ndani ya silinda mpaka pistoni zianze kutembea, ndipo mafuta yanapoingizwa. Ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula zaidi ya tani 13 za mafuta kwa saa moja.

Mtasema hilo ni balaa la ulaji. Hapana, ndugu. Katika kila lita 10 inazokula, karibu lita 5 zinageuka kuwa kazi halisi. Gari ulilokuja nalo hapa halifikii hapo. Imebeba maelfu ya makontena, siku baada ya siku, kwa mwendo usiobadilika sana. Gharama ya mafuta ikigawanywa kwa mzigo wote huo, kila kontena linalipa sehemu ndogo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya bidhaa kutoka mbali kufika Mombasa na Dar es Salaam kwa nauli ambayo mfanyabiashara mdogo anaiweza.

NCHI KAVU

Injini kubwa hufanya kazi nyingine nyingi. Reli ya TAZARA tangu ilipoanza miaka ya 1970 ilivutwa na vichwa vya treni vya dizeli. Katika migodi mikubwa ya dunia lipo lori la Caterpillar 797F, lenye injini ya nguvu farasi 4,000, linalobeba tani 363 kwa safari moja.

Katika umeme, mfano mzuri uko Kipevu, Mombasa. Kituo cha Kipevu III kilichozinduliwa mwaka 2011 kina injini 7 zenye uwezo wa megawati 17 hivi kila moja, jumla megawati 120. Mvua zikikosekana na mabwawa yakipungua maji, vituo vya namna hiyo ndivyo vilivyoikingia Kenya giza. Umeme wake ni ghali kuliko wa maji, lakini wakati wa ukame unapatikana. Na sisi tunakumbuka jinsi mji wa Kigoma ulivyotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, mpaka gridi ya Taifa ilipoanza kufika mkoani humo mwaka 2022.

Katika mifano yote hii jambo ni moja. Injini kubwa imepewa kazi inayolingana nayo.

YALIYOTUPATA SISI

Sasa tunaungama mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita tulipokea jenereta ya kVA 500 iliyokwisha tumika kiwandani, kwa ajili ya hospitali yetu moja isiyo na umeme wa gridi. Tulifurahi sana. Tulichinja mbuzi. Jenereta ndogo ya kVA 80 tuliyokuwa nayo tukaiuza, na fedha tukajengea banda la hiyo kubwa.

Hatukupima mzigo. Tulipokuja kupima baadaye, hospitali nzima usiku ilikuwa inatumia kilowati 45. Jenereta ile ilikuwa na uwezo wa kilowati 400. Ilikuwa kama kumtuma ng'ombe wa kulima apeleke kikombe cha chai.

Dizeli isiyopewa mzigo haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote. Masizi huganda kwenye nozeli na kwenye valvu, kuta za silinda zinakuwa laini kama kioo, pete za pistoni hazikamati vizuri, na oili nyeusi inaanza kudondoka kwenye bomba la moshi. Mwishowe injini haiwezi tena kuibana hewa kama inavyotakiwa. Na hewa isipobanwa vizuri haipati joto la kuwasha mafuta, hasa usiku wa baridi.

Mama Matroni alituonya mapema. Alisema, "Wanangu, mtambo huu unakohoa kama mgonjwa wa wodi namba tatu." Tukamjibu, "Shikamoo Mama, usihofu, ni mashine ya Ulaya." Ulaya au siyo Ulaya, usiku mmoja wa mwezi Julai mama alikuwa mezani anafanyiwa upasuaji wa kujifungua, jenereta ikazimika na ikakataa kuwaka. Daktari alimaliza kazi kwa tochi mbili zilizoshikwa na wauguzi. Kwa neema ya Mungu mama na mtoto walipona. Lakini hatuwezi kuita neema mpango wa kazi. Jenereta ndogo ambayo ingewaka usiku ule tulikuwa tumeiuza.

Hesabu nayo ilitusuta. Kubwa ilikuwa inakula lita kama 22 kwa saa. Ndogo, kwa mzigo uleule, ilikuwa inakula lita 14. Tofauti ni lita 8 kwa saa, kwa saa 6 kila usiku. Kwa mwezi ni lita 1,440 zilizopanda mbinguni kama moshi. Lita hizo zilikuwa dawa na mishahara. Zawadi ilikuwa ya bure, lakini kuilisha hakukuwa bure. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Moshi wenyewe si mchezo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Tangu mwaka 2020 meli nazo zimewekewa sheria, salfa katika mafuta yao isizidi asilimia 0.5, isipokuwa zile zenye mtambo wa kusafisha moshi. Banda letu lilikuwa hatua chache kutoka madirisha ya wodi ya watoto.

USHAURI WETU

Hatusemi dizeli ni mbaya. Tunasema injini ichaguliwe na mzigo, wala si na furaha. Kabla ya kuijibu barua ile, tunaomba mkutano ukubali mambo haya:

1. Mzigo wa kituo upimwe kwa siku 7, mchana na usiku, na kuandikwa kila saa. Kifaa tunacho na tutakwenda wenyewe.

2. Injini ya dizeli isifanye kazi kwa muda mrefu chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Ikiwa kVA 800 haifikii hapo, tuwaandikie wahisani kwa shukrani, tuwaombe badala yake mbili ndogo zinazolingana na mzigo. Moja ikiharibika, nyingine inawaka.

3. Taa za usiku na jokofu la chanjo viwekwe kwenye umeme wa jua na betri. Dizeli ibaki kwa upasuaji, kwa mashine nzito, na kwa siku za mawingu.

4. Fedha za mafuta, oili, filta na vipuri kwa miaka miwili zionekane kwenye bajeti kabla mtambo haujapandishwa melini. Fundi wa kuutunza naye ajulikane kwa jina.

5. Banda lijengwe mbali na wodi, na moshi uelekezwe upande ambao upepo hauurudishi kwa wagonjwa.

6. Jenereta ya zamani isiuzwe mpaka mpya imalize mwaka mzima bila kusumbua.

Tunajua ni vigumu kumwambia mtu mwema kwamba zawadi yake ni kubwa mno. Tuliogopa kuonekana hatuna shukrani, na mama yule nusura alipe kwa uoga wetu. Katika Injili yumo mjenzi wa mnara aliyeambiwa aketi kwanza ahesabu gharama. Hakuambiwa asijenge. Nasi tuhesabu kwanza, kisha tumwandikie mhisani ukweli. Tunaamini mhisani wa kweli atapenda kusikia kwamba taa inawaka kuliko kusikia kwamba mtambo ni mkubwa.

Mwenyekiti, tuko tayari kuondoka Jumatatu na kifaa cha kupimia, mkituruhusu.