Shanga za Bibi: Namna ya Kuzitambua
(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kahe)



Mimi ni sonara, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mzee, shanga hizi za bibi ni za kale kweli?"

Kwanza tujue zilikotoka. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilifuata bonde la mto Pangani, ikapitia nyanda hizi na kupanda Kilimanjaro. Ilibeba nguo, nyaya na shanga za kioo, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice, Italia. Zilizogombewa sana ni zile nyekundu, zikiitwa samesame.

Basi, zichunguzeni hivi. Kwanza, uguse ushanga shavuni: kioo ni kizito na baridi, plastiki ni nyepesi. Pili, chungulia tunduni: nyingi za nyekundu za zamani zina moyo mweupe ndani. Tatu, tazama kingo za tundu. Ushanga uliovaliwa miaka mingi umelainika kwa kusuguana na uzi na shanga jirani. Mpya bado una kingo kali.

Lakini alama moja haitoshi. Shanga za kioo kutoka Jamhuri ya Czech zinauzwa hadi leo, nazo ni baridi vilevile. Zikusanyeni alama zote ndipo mseme.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Wako wachuuzi wanaonunua mkufu mzima kwa bei ya mboga, wakakata uzi, wakauza shanga mojamoja. Ndugu zangu, uzi wenyewe ni shahidi. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipokuwa Taveta mwaka 1883 ilimbidi atungishe shanga zake upya kwa urefu waliotaka Wamaasai, la sivyo zisingepokelewa. Urefu na mpangilio wa rangi vilikuwa na maana kwa wenyewe. Ukikata uzi, maana hiyo haitungiki tena.

Kwa hiyo, vijana, mtakapokwenda nyumbani Desemba, chukueni daftari. Muulizeni bibi: alipewa na nani, lini, kwa sherehe gani? Andikeni, na msioshe wala kukata kitu. Akiamua kuuza, ni haki yake. Lakini auze akijua anachouza.