Mkopo Usiishi Kuliko Mashine

Mazungumzo na wenyeviti na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia

Asanteni kwa kuacha shamba na kuja, hasa nyinyi mliotoka ng'ambo ya mto.

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo kampuni kubwa hulifanya kila mwaka, yaani kukadiria teknolojia itakavyobadilika kabla ya kupanga biashara. Mtu asiniambie kwamba hiyo ni kazi ya wasomi wa Nairobi. Wala si uganga. Mganga hukuambia kitakachotokea, kisha anaomba kuku. Sisi tunauliza maswali mawili tu: kifaa tunachotaka kununua kitakuwa na wateja mpaka lini? Na mkopo wetu utaisha lini?

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha watu 22 kinataka mashine ya kusaga unga yenye injini ya dizeli. Wana akiba kidogo, na wanakopa. Wanatakiwa kulipa shilingi 7,000 kila mwezi kwa miezi 36, jumla 252,000. Hesabu ya sasa ni nzuri, kwa sababu akina mama wanabeba mahindi mbali na wateja wapo. Lakini baada ya miezi 14 stima inafika sokoni. Mfanyabiashara mmoja anafunga mashine ya stima, anasaga kwa bei ya chini, na haina moshi wala kelele za kuwasha injini kwa mkono. Wateja wanahama. Wakati huo kikundi kimelipa 98,000, na kimebakiwa na deni la 154,000. Gawanyeni kwa watu 22. Ni shilingi 7,000 kwa kila mwanachama, na mashine imenyamaza. Hapo ndipo mbuzi wa mtu huchukuliwa, na majirani wanaacha kusalimiana.

Je, stima ilikuja kama mwizi usiku? Hapana! Nguzo hupakuliwa kando ya barabara. Watu wenye vifaa vya kupimia hupita. Ule mpango wa serikali wa kupeleka stima mashambani ulioanza mwaka wa 2015 uliwalenga hasa watu walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Kwa hiyo mtu angeweza kutembea kwa miguu, akahesabu hatua, akajua kama soko lake limo au halimo.

Mabadiliko mengi hutangazwa mapema kuliko tunavyodhani. Angalieni televisheni. Mwaka wa 2006 nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana huko Geneva, na zikaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa kikomo cha kuhamia matangazo ya dijitali. Hiyo ni miaka tisa ya kujitayarisha. Mitambo ya zamani ya Nairobi ilipozimwa Februari 2015, bado kulikuwa na watu wenye televisheni za zamani bila king'amuzi, wakishangaa. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, baada ya ilani ya miezi sita. Aliyekuwa akisuka vikapu na kusikiliza habari alipata nafasi. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusikiliza redio, kwenda kwenye baraza la chifu, na kuuliza fundi wa mjini ni spea gani hazipatikani tena. Spea zikianza kuadimika, mashine hiyo imeanza kuzeeka, hata kama inang'aa dukani.

Sasa, kuna mambo ambayo hayana tarehe. Hapo inabidi tukadirie wenyewe. Huko Marekani, katika miaka ya 1950, wataalamu wa shirika liitwalo RAND waliona tatizo ambalo hata sisi tunalo: mkubwa akishasema, wengine hutikisa vichwa tu. Basi wakabuni njia ya kumwuliza kila mtaalamu peke yake bila jina, kisha wanamwonyesha majibu ya wote na kumwuliza tena. Waliiita Delphi.

Njia hiyo twaweza kuifanya kwa maharagwe, na hata asiyejua kusoma atashiriki. Wekeni kopo nyuma ya mlango na karatasi ndogo za kufungia. Kila mwanachama aende peke yake, afunge punje kwa idadi ya miaka anayofikiri itapita kabla ya stima kufika sokoni, atie koponi. Mwagени mezani, mpange kutoka ndogo hadi kubwa. Msiulize nani alitia nini. Ulizeni tu, kwa nini mtu aweza kusema mwaka mmoja? Kwa nini mtu aweza kusema kumi? Mtasikia mambo. Yule mama anayekaa kimya nyuma huenda kijana wake anachimba mashimo ya nguzo. Kisha rudieni. Mara ya pili punje husogeleana kidogo, na zisiposogeleana, hilo nalo ni jibu: hatujui, basi tusikope kwa muda mrefu.

Kampuni ya mafuta ya Shell ilikuwa na Mfaransa aitwaye Pierre Wack. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake hawakuwapa wakubwa wao utabiri mmoja, bali hadithi kadhaa za siku zijazo, mojawapo ikiwa bei ya mafuta kupanda ghafla. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikapunguza mafuta, na kwa miezi michache bei ikawa karibu mara nne. Shell walikuwa wameshafikiri watafanya nini.

Lakini kujua pekee hakutoshi. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera isiyotumia filamu mwaka wa 1975, ndani ya kampuni hiyohiyo! Wao waliendelea kutegemea filamu, na Januari 2012 wakaenda kortini kuomba kinga dhidi ya wadai.

Turudi kwenye unga. Wengine watasema, basi tungoje stima. Mimi sikubali. Kungoja nako kuna gharama, na ahadi za stima tunazijua. Nguzo zaweza kulala chini mpaka zimee uyoga. Ningewashauri hivi. Nunueni kinu kinachozungushwa kwa mkanda, injini ikiwa kando, ili siku stima ikija muuze injini, mfunge mota, na kinu kibaki. Injini iwe ya mkono wa pili iliyokaguliwa na fundi wenu, si fundi wa muuzaji. Mkopo uwe wa miezi 12, hata kama mashine itakuwa ndogo. Na kila mwezi wekeni kando pesa kidogo za mota.

Tena ulizeni ni stima ya aina gani inayokuja. Nyumba nyingi hupewa ya fezi moja, ambayo yatosha taa, redio na mota ndogo. Mota kubwa ya kusagia kwa kawaida huhitaji fezi tatu. Kikundi kinaweza kuona nyaya zimefika, kikauza injini kwa furaha, kisha kikaambiwa mota haiwezi kuwaka. Nendeni ofisi ya umeme na barua ya kikundi yenye muhuri, muulize kabla ya kuuza chochote, na jibu liandikwe.

Wale ambao tayari mmejaza fomu za mkopo, msitie sahihi wiki hii. Fanyeni lile zoezi la maharagwe kwanza, mara mbili, na mniletee hesabu ya miezi ya mkopo ikiwa imeandikwa kando ya hesabu ya punje. Niko ofisini Jumanne na Alhamisi asubuhi.