Tuchukue nini kutoka jeshini?



Nimeombwa nizungumze juu ya uongozi wakati wa maafa. Chombo chetu cha kupambana na moto kinaitwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kina sheria yake, Sheria Na. 14 ya mwaka 2007. Lakini ikisemwa kwamba uokoaji uendeshwe kijeshi, wengi wetu hufikiria gwaride, saluti na amri ya kelele. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo mambo ya mwisho ya kuazima.

Tuwatazame wazimamoto wa misitu wa Marekani, ambao wameazima kutoka jeshini zaidi ya mara moja. Mwaka 1957 walitungiwa amri 10 za kudumu, kwa mfano wa amri za jumla za majeshi. Hata hivyo, tarehe 6 Julai, 1994, katika mlima Storm King, Colorado, upepo mkali uliusukuma moto kupanda mteremko, ukawaua wazimamoto 14. Tisa kati yao walitoka kikosi kimoja cha Prineville, Oregon. Hawa hawakuwa wageni wa kazi. Uchunguzi ulionyesha kwamba amri nyingi kati ya zile 10 zilikuwa zimekiukwa au kulegezwa, na kwamba ari ya "tunaweza", ambayo sisi sote huisifu majukwaani, ilichangia kulegeza huko.

Ndipo waliporudi jeshini, safari hii wakitafuta malezi ya viongozi. Waliazima kanuni za uongozi za kikosi cha Marines, wakapanga mafunzo kwa ngazi, kuanzia mtu asiye na cheo chochote.

Jambo la kwanza walilojifunza ni kwamba mkuu anayetoa kazi hana budi kueleza pia sababu yake, na hali anayotaka ionekane kazi ikiisha. Moshi ukitanda na mawasiliano yakikatika, aliye chini huweza kuamua mwenyewe bila kupotea. Tarehe 5 Agosti, 1949, huko Mann Gulch, Montana, kiongozi aitwaye Wagner Dodge aliona kwamba moto utawafikia. Akayachoma majani yaliyokuwa mbele yake, akawaita wenzake walale pamoja naye katika jivu. Hakuna aliyemfuata. Hawakuwa wamezoeana naye, na kiongozi anayewasha moto mwingine mbele ya moto alionekana kama aliyerukwa na akili. Dodge alipona; watu 13 walikufa. Ujuzi alikuwa nao. Kilichokosekana ni imani, na imani haijengwi katika dakika ile.

La pili ni mapitio baada ya kazi. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilianza utaratibu huo katika miaka ya 1970. Tulipanga nini? Kilitokea nini? Kwa nini? Safari ijayo tufanyeje? Vyeo huwekwa kando, na hatafutwi wa kuadhibiwa.

La tatu litawashangaza baadhi yenu. Mzimamoto ana haki, na pia wajibu, wa kuikataa kazi anayoiona kuwa ya hatari isiyo na kinga, mradi aeleze sababu na njia anayoiona kuwa salama zaidi. Tena mkuu akitaka kumpa mtu mwingine kazi hiyo hiyo, sharti amweleze kwamba imekwisha kukataliwa, na kwa nini. Nasikia mtu akinong'ona kwamba huko ni kuua nidhamu. La, ndugu yangu. Nidhamu ya kunyamaza tumeiona ofisini; faili hupita mikononi mwa watu sita, kila mmoja ameliona kosa na wote wametia saini.

Sasa nije kwenu walimu. Mwezi Juni wa mwaka huo huo wa 1994, moto wa bweni la Shauritanga, Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika bweni la Idodi, Iringa. Bweni likishika moto usiku, watu wa kwanza kufika ni mwalimu wa zamu, mlinzi na kiranja. Gari la zimamoto huja baadaye, na pengine linatoka makao makuu ya mkoa.

Ukimwambia mlinzi, "Funga bweni saa nne," umempa kazi tu. Mweleze kwamba mlango unafungwa ili mgeni asiingie, na kwamba wakati wowote kila msichana lazima aweze kutoka. Hapo atajua la kufanya hata kama wewe umesafiri. Kisha fanyeni zoezi la usiku, bila kulitangaza, na asubuhi yake kaeni na yale maswali manne: ufunguo ulikuwa wapi, nani alihesabu watoto, dirisha lipi halikufunguka. Kiranja azungumze kwanza, mlinzi amfuate, na mkuu wa shule awe wa mwisho. Mkuu akitangulia kusema kwamba zoezi lilikwenda vizuri, lile dirisha halitatajwa.