Msimwache Mama Peke Yake Wodini

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Mwiki)

Najua kuna sufuria za futari zinangoja, kwa hivyo sitawaweka sana.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi kama huu, mimi na mke wangu tulijaliwa mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Alilia kidogo, na kabla ya Magharibi akafariki. Hospitali siitaji. Nesi akaniuliza, "Baba, mtamchukua ama mtatuachia sisi?" Jamani, mimi niliyesoma madrasa tangu utotoni sikujua la kujibu! Karibu niseme chukueni.

Aliyenikuta pale kwenye benchi ni kasisi wa hospitali, Mkristo. Hakuhubiri. Alikaa tu, halafu akauliza, "Mmemwita nani?" Hatukuwa tumempa jina. Akaniuliza tena kama kuna imamu anayeweza kumpigia simu. Mzee mmoja wa msikiti akapanda matatu, akaja na kitambaa cheupe. Asubuhi tukamzika Maryam.

Yule kasisi namshukuru mpaka leo. Lakini mbona sisi hatukuwa pale?

Uingereza hospitali za serikali huajiri Waislamu kwa kazi hii, na tangu 2003 wapo wanaoisomea katika taasisi ya Markfield, karibu na Leicester. Huku kwetu sheikh wa kudumu hospitalini ni nadra. Na haja ipo: uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hawamalizi mwezi wa kwanza. Hapo sijahesabu mimba zilizotoka wala waliozaliwa wamekufa.

Sasa sikilizeni, haya niliyajua nikiwa nimechelewa. Katika madhehebu ya Shafi, mtoto aliyeonyesha uhai, hata kwa dakika moja, anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa, na jina anapewa. Aliyetoka bila uhai baada ya miezi minne anaoshwa, anakafiniwa na kuzikwa, ila haswaliwi. Mahanbali wao wanamswalia. Aliye chini ya hapo, ambaye hajapata umbo, ni vizuri afungwe kitambaa azikwe. Kwa hivyo nesi akiuliza, jibu ni moja: tutamchukua. Mwambie mapema, kabla hujatoka wodini, na uulizie kibali cha kuzika.

Halafu maneno yetu. "Mtapata mwingine." "Usilie, ni kukosa imani." Nani alitufundisha hayo? Mtume (s.a.w.) alizaa watoto saba, akazika sita kwa uhai wake. Ibrahim, mwana wa Maria, alipokuwa akikata roho hajatimiza hata miaka miwili, Mtume alimshika akalia. Abdurrahman bin Auf akashangaa, naye akamjibu kuwa hiyo ni rehema. Siku ile jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa ajili ya Ibrahim. Akawakatalia: jua halipatwi kwa kifo cha mtu. Yaani baba mwenye majonzi vile, na bado hakukubali uongo wa kumfariji.

Mama naye, mwezi huu, yuko kwenye nifasi. Hafungi, haswali, tarawehe haendi. Nyumba nzima inatoka, yeye anabaki na maziwa yanamtoka na hakuna wa kunyonya. Akina dada, kaeni naye. Ukikuta anakula mchana usimwulize kitu. Siku zake atazilipa baadaye. Na baba msimpe tu mkono wa pole mkaanza habari za mpira. Mimi nilitaka mtu mmoja tu aniulize jina la mtoto.

Nimezungumza na imamu. Tunataka wanaume wawili na wanawake wawili kila wiki, wenye simu isiyozimwa usiku, wanaojua kuosha na kukafini. Kazi yao ni kwenda, iwe Ruiru, iwe Thika. Nambari zao tutazipeleka kwa makasisi wa hospitali na kwa manesi wa wodi za wazazi, maana wao ndio wanaojua kwanza. Nauli itatoka kwenye kisanduku.

Daftari liko pale mlangoni, karibu na viatu. Wiki ya kwanza nimejiandika mimi na mke wangu. Bado wawili.

Wassalaam alaykum.