Nani Anaziba Nyufa za Kompyuta Zetu?



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa kompyuta za mezani. Hapana shaka wengi wenu mlitazamia nieleze habari za nywila na matapeli wa mitandaoni. Mambo hayo ni muhimu, lakini leo nataka tutazame jambo linalosahauliwa mno. Kila programu iliyomo katika kompyuta ama ina mtunzaji, ama haina. Na kama inaye, utunzaji wake una tarehe ya mwisho. Asiyeijua tarehe hiyo hana haki ya kusema kwamba kompyuta yake i salama, hata kama inawaka vizuri kila asubuhi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, lakini hawakututajia fundi. Katika kompyuta, swali la fundi ndilo swali lenyewe. Programu huandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kosa la usalama likishatangazwa, mhalifu hulisoma siku ile ile analolisoma mlinzi. Kuanzia hapo ni mashindano ya nani atatangulia.

Mwezi Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro moja kubwa ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika kasoro hiyo hiyo, kikafunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai malipo. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Dawa ilikuwapo kwa muda wa karibu miezi miwili, lakini kompyuta zilizoumia zilikuwa hazijapewa.

Sasa natoa mfano wa mfumo mwingine, uitwao Ubuntu, ambao hutolewa bure. Ulianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kampuni yake, Canonical. Jina lake limetoka katika lugha za Kizulu na Kixhosa, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Nimeuchagua kwa sababu utaratibu wake wa utunzaji umeandikwa wazi, na hata hivyo watumiaji wengi hawaufahamu. Wao hudhani kwamba maadamu programu imetoka katika ghala la Ubuntu, basi inatunzwa sawasawa na nyingine zote. Sivyo hata kidogo.

Programu za Ubuntu hufungwa katika vifurushi, navyo vifurushi huwekwa katika ghala lenye vyumba vinne. Viwili ndivyo vikubwa kwa maelezo yetu. Cha kwanza huitwa main. Humo mna kiini cha mfumo na programu za msingi, na Canonical yenyewe imeahidi kuziba nyufa zake. Cha pili huitwa universe. Vifurushi vyake hutunzwa na watu wa kujitolea, kadiri ya nafasi na uwezo wao. Kwa hesabu ya Canonical, main ina vifurushi kama 2,300, na universe zaidi ya 23,000. Kwa mfano VLC, programu ya kutazama video inayopendwa sana, imo katika universe. Kuwamo ghalani ni jambo moja. Kuwa na fundi aliyeahidi ni jambo jingine.

Ahadi nayo ina mwisho. Kila baada ya miaka miwili, mwezi Aprili, hutolewa toleo la muda mrefu, na main yake hutunzwa kwa miaka 5. Toleo la 24.04, lililotoka mwaka 2024, litatunzwa hivyo hadi mwaka 2029. Matoleo ya katikati hutunzwa kwa miezi 9 tu. Upo pia mpango wa Ubuntu Pro, ambao hufikisha utunzaji miaka 10 na kuuingiza universe ndani ya ahadi. Mtu binafsi huruhusiwa kuutumia bure katika kompyuta zisizozidi 5.

Lipo kosa jingine la fikra, nalo ni kuamini kwamba programu mpya kuliko zote ndiyo salama kuliko zote. Mwezi Aprili 2014 ilipogunduliwa kasoro ya Heartbleed katika programu ya OpenSSL, Ubuntu 12.04 haikubadilishiwa toleo la programu hiyo. Mafundi waliziba ufa katika toleo lile lile la 1.0.1, wakaongeza tarakimu ndogo mwishoni mwa namba ya toleo la kifurushi. Aliyetazama namba kubwa tu alidhani bado yumo hatarini. Kinyume chake, mwezi Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopenyezwa kwa makusudi katika programu ya xz. Ulikuwamo katika matoleo mapya ya 5.6.0 na 5.6.1; waliobaki na matoleo ya muda mrefu ya Ubuntu yaliyokuwa yakitumika wakati huo hawakuguswa.

Ndugu zangu, tufanye nini? Kwanza, kila ofisi na kila shule iwe na daftari linaloonyesha toleo la mfumo wa kila kompyuta na tarehe ya mwisho ya utunzaji wake. Pili, katika Ubuntu iandikwe amri ya pro security-status. Itaonyesha ni vifurushi vingapi vimetoka main, vingapi universe, na vingapi nje ya ghala. Tatu, tuache desturi ya kupokea programu kwa flashi kutoka kwa rafiki. Kifurushi cha ghalani huhakikiwa kwa saini ya kidijitali kabla ya kuwekwa. Cha mfukoni hakina shahidi, na mara nyingi hakitaletewa marekebisho. Nne, kompyuta ipewe nafasi ya kuunganishwa na intaneti mara kwa mara, maana marekebisho hayaifikii mashine iliyofungiwa kabatini.

Wapo watakaosema kwamba intaneti ni gharama na kazi ni nyingi. Ni kweli. Lakini ndani ya mashine hizi mna alama za wanafunzi, mishahara ya watumishi, na majalada ya wananchi ambao hawakuulizwa kama wanaziamini. Wao wametuamini sisi. Hatuna budi kuweza kuwajibu, kwa jina na kwa tarehe, ni nani anayeziba nyufa, na hadi lini.