Tumeipa bahari mgongo

Mwangalie mtu wa mjini aliyekwenda pwani kupumzika mwisho wa juma. Atakaa chini ya mwavuli, ataagiza samaki wa kukaanga, atapiga picha, na maji yakimfika magotini atageuka na kurudi kwenye kiti. Kiti chenyewe mara nyingi kimeelekezwa kwenye muziki. Bahari iko mgongoni.

Kuanzia Jasini mpakani na Kenya mpaka mdomo wa mto Ruvuma, sehemu kubwa ya mwambao wetu imezungukwa na matumbawe. Wanaoyaona ni watu wa aina mbili: wavuvi, ambao hiyo ndiyo kazi yao, na wageni waliopanda ndege kuja kuyatazama. Sisi wengine, ambao ndio wenye mali, tunayasikia tu. Nasema jambo hili lina hatari, na dawa yake si ghali kama tunavyodhani.

Tuanze na ughali. Wengi wanaamini kwamba kwenda kutazama samaki baharini ni starehe ya wenye dola. Februari mwaka 2022 tulisafiri watu wanne, wote wa mshahara wa kawaida, kutoka Dar es Salaam kwenda Pangani. Gari hatukuwa nalo. Tulipanda basi la Tanga kama abiria wengine, tukapita Chalinze, Segera na Muheza, nchi ya machungwa, tukalala Tanga mjini katika nyumba ya wageni yenye feni na chandarua. Asubuhi, chapati na maharage kwa mama ntilie, kisha basi dogo la Pangani. Barabara wakati ule ilikuwa ikijengwa, na vumbi tulilokula halikutozwa nauli.

Njiani tulishuka Tongoni, kilomita kama 20 kutoka Tanga. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Mwaka 1498 moja ya meli za Vasco da Gama ilikwama kwenye miamba ya upande huo. Lakini mimi nilikwenda kutazama kuta. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yakashikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Nyumba za kale za Pangani nazo ni hivyo hivyo. Wazee wetu walilala, wakasali na wakazikwa ndani ya matumbawe. Kwa hiyo tusiambizane kwamba haya ni mambo ya Wazungu.

Pangani tulivuka mto kwa pantoni hadi Bweni, tukachukua bodaboda kwenda kijiji cha Ushongo. Mpaka hapo fedha iliyotumika ilikuwa ya kawaida kabisa. Gharama iliyotuumiza kichwa ilikuwa moja tu, nayo ni boti, maana nahodha hudai bei ya boti nzima, iwe na mtu mmoja au kumi. Dawa yake ni kutafuta wenzio. Tulimkuta mwalimu mmoja wa sekondari kutoka Tanga na jamaa zake, tukaungana tukawa tisa. Bei iliyotutisha ikagawanyika mpaka ikawa ya kuzungumzika. Kuhusu ada ya kuingia eneo tengefu, mwananchi hulipa pungufu sana kuliko mgeni. Haki hiyo ipo, ila haina wa kuitumia.

Tulikuwa tunakwenda Maziwe. Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya maji, limezungukwa na matumbawe, na huonekana maji yakipwa tu. Yakijaa, humezwa lote. Kwa hiyo safari ya huko hupangwa kwa mwezi. Sisi tulichagua bamvua la mwezi mpevu wa katikati ya Februari, maana katika mwambao wetu siku za bamvua maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, jua likiwa zuri la kuangalia chini. Na Februari kaskazi huwa imepungua ukali. Mambo haya hayauzwi, kila mvuvi anayajua, ni kuuliza tu.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa miaka 70 na ushee. Tulipokanyaga lile fungu, jeupe, tupu, bila jani hata moja, nilimuuliza kama limekuwa hivyo siku zote.

"Mwanangu," akasema, "hiki kilikuwa kisiwa. Nilikuwa nalala dago hapa na baba yangu, chini ya mivinje. Usiku kasa wanapanda kutaga, unawasikia wanachimba mchanga. Kikaanza kupungua. Kila kusi ikija kinapungua. Sisi tunasema, ah, bahari hiyo, imechukua, itarudisha."

"Ikarudisha?"

"Si unaona."

Maneno ya mzee huyu yana ushahidi wa maandishi. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliihesabu Maziwe kuwa moja ya sehemu muhimu kabisa za kutagia kasa katika Afrika Mashariki. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980, miti ilikuwa imekwisha na kisiwa kimebaki fungu. Wapo wanaolaumu kukatwa kwa miti iliyoshika udongo, wapo wanaolaumu mawimbi na kupanda kwa kina cha bahari. Ninachojua mimi ni kwamba kisiwa hakikuondoka usiku mmoja. Kiliondoka taratibu, na waliokiona kikiondoka walikuwa wachache, na wachache hao hawakuwa na wa kumwambia.

Sasa tuzame. Vifaa ni miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, ambavyo mwenye boti huazimisha. Unalala kifudifudi juu ya maji, unatia uso ndani, unapumua kwa mdomo. Asiyejua kuogelea atavaa jaketi la kuokolea, na hata anayejua namshauri alivae.

Ukitia uso ndani, ile bahari uliyoizoea, ya rangi moja, inakwisha. Kuna kitatange wa njano na weusi, tasi, changu, na chewa aliyejibanza pangoni kama mwenye nyumba asiyetaka wageni. Kuna pono anayetafuna mwamba, na ukitulia unamsikia akitafuna. Anachokula ni majani madogo ya baharini yaliyoota juu ya mawe ya matumbawe. Mawe yenyewe huyasaga na kuyatoa yakiwa unga mweupe. Sehemu ya ule mchanga mweupe tunaoutandikia mikeka imepitia tumboni mwa pono.

Na tumbawe lenyewe si jiwe. Ni makazi ya wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wanaishi mimea midogo mno, inayowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi kwa wiki kadhaa, wanyama hao huifukuza ile mimea, tumbawe likawa jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipokufa, na joto la namna hiyo limerudi mwaka 2016 na 2024. Tumbawe la mviringo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Lenye kimo cha mtu ni mzee kuliko babu wa babu yako.

Hilo joto Pangani haikulileta. Lakini baruti tuliileta wenyewe. Kwa miongo kadhaa wapo waliovua kwa kutupa chupa ya baruti majini, ingawa sheria ilikataza. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo, wengi wao huzama wasiokotwe, na mwamba hubaki kifusi. Msako mkali ulioanza mwaka 2016 uliipunguza sana milipuko hiyo. Jambo la kujiuliza ni kwa nini tuliivumilia muda mrefu namna ile. Watu wa mjini walikuwa wakila chai ufukoni, wanasikia kishindo, wanaendelea na chai. Lingekuwa ni soko au msikiti uliolipuliwa, wangesimama. Kwao kule chini hakukuwa na kitu. Ni maji tu.

Yule mwalimu alipoinua uso alikaa kimya, kisha akasema, "Miaka kumi nafundisha matumbawe kwa chaki. Leo ndiyo nayaona." Shule yake iko mwendo wa baiskeli kutoka baharini.

Ndugu msikilizaji, mwamba huu ni kitoweo. Samaki wengi wa mvuvi mdogo wanaofika sokoni hulelewa hapo. Mwamba huu pia ni ukuta, maana wimbi kubwa huvunjikia kule nje na kufika ufukoni likiwa limechoka. Ukibomoka, tutalazimika kujenga wa zege, na tunajua bei ya saruji.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za pwani na shule zetu zipange safari hizi kama zinavyopangwa za Mikumi na Ngorongoro. Nawaomba wenye boti waweke siku ya bei ya wananchi, na majaketi yawepo ya kutosha. Na wewe utakayekwenda, usisimame juu ya tumbawe, maana mguu mmoja unavunja kazi ya miaka. Vaa fulana kukinga jua badala ya kujipaka mafuta yatakayobaki majini. Usinunue kombe wala tumbawe lililokaushwa, kwa sababu anayenunua leo ndiye anayemtuma mchimbaji kesho.

Kuna watakaosema safari moja haiokoi bahari. Kweli. Lakini mtu hupigania alichokiona. Kisiwa cha Maziwe kilikosa mashahidi. Mwamba wake bado upo, una samaki, una rangi, na nauli ya kwenda kuutazama haizidi fedha tunazomaliza katika sikukuu moja. Muulize mvuvi yeyote bamvua lijalo ni lini, ukusanye wenzio wanane, mwende.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.